Mawe Yanayoomba Kuombewa

Wamisri wa kale walikuwa na desturi ya kumsimamisha mpita njia. Kwenye kuta za makaburi yao, karne nyingi kabla ya Kristo, marehemu huwaita walio hai juu ya ardhi na kuwaomba jambo dogo: semeni mikate elfu, semeni pombe elfu, semeni ng'ombe na ndege, kwa ajili yangu. Hakuna aliyeombwa kuleta ng'ombe. Kilichoombwa ni pumzi ya kinywa tu, kwa kuwa waliamini kwamba kutamka kunatosha, na kwamba mtu ambaye jina lake bado linatajwa hajapotea.

Dini ile ilifika mwisho. Maandishi ya mwisho ya hieroglifi yenye tarehe yalichongwa katika hekalu la Philae, karibu na Aswan, mwaka 394 BK, na baada ya hapo hakuna aliyejua tena kuyasoma mpaka karne ya 19. Lakini shika njia uende kwenye makaburi ya Wakristo wa Misri, Wakopti, ya karne ya 5 hadi ya 9, na utasimamishwa vilevile. Jiwe litakuita. Litakuambia jina la mtu, litakutajia siku aliyopumzika, kisha litakuomba: fanya upendo, uniombee. Kwa Kikopti cha Misri ya Juu husomeka hivi: ari tagape, shlel ejoi. Mikate na pombe havitajwi tena. Kinachoombwa sasa ni rehema ya Mungu. Ila yule mpita njia bado yupo pale pale, na kinywa chake bado kinahitajika.

Mimi naona hapo ndipo mahali pa kuanzia. Wengi walioandika juu ya stela za Kikopti, yaani mawe haya ya makaburi, wameanza na urembo wake, wakalalamika kwamba sanamu ni fupi, vichwa ni vikubwa, mikono haina vifundo, na herufi zinapanda na kushuka. Malalamiko hayo yanalipima jiwe kwa kazi ambayo halikupewa. Liliwekwa kaburini limfanye mtu mgeni asimame, asome na aombe.

Mawe yenyewe mengi hayafiki hata mita moja kwenda juu. Sehemu kubwa ya bonde la Nile mafundi walitumia jiwe la chokaa, ambalo ni laini na halisumbui patasi. Kusini, kuanzia maeneo ya Edfu, lilitumika zaidi jiwe la mchanga. Wakati mwingine fundi hakwenda machimboni kabisa. Alichukua kipande cha jengo la zamani la mafarao, akakigeuza upande usio na maandishi, akaanza kazi. Alipiga mistari ya kuongozea herufi, akachonga, kisha mara nyingi herufi zikajazwa rangi nyekundu. Ukiliangalia jiwe kwa karibu utaona haraka zake na hesabu zake: mistari ya juu ina herufi kubwa zilizoachiana nafasi, na kadiri anavyoshuka nafasi inambana, herufi zinasogeana, maneno yanakatwa katikati bila kujali silabi. Majina matakatifu kama Yesu, Kristo na Roho hufupishwa kwa herufi mbili tatu zenye mstari juu yake. Makosa ya tahajia ni mengi, na yana thamani kubwa kwetu, kwa sababu fundi aliyekosea aliandika jinsi watu wa mtaani kwake walivyotamka.

Lugha ni ama Kigiriki, ama Kikopti, au mchanganyiko wa zote mbili kwenye jiwe moja. Kikopti ni lugha ileile ya mafarao katika umri wake wa mwisho, ikiandikwa kwa alfabeti ya Kigiriki pamoja na herufi sita au saba zilizoazimwa kutoka mwandiko wa Kimisri uitwao demotiki kwa ajili ya sauti ambazo Wagiriki hawakuwa nazo, kama sh, f na h. Leo haizungumzwi majumbani, lakini inaimbwa kanisani, hata katika makanisa ya Wakopti yaliyoko Nairobi.

Sasa tusome kilichoandikwa. Mara nyingi jiwe linaanza na Mungu: Mungu ni mmoja, ndiye asaidiaye. Maneno hayo ya Kigiriki yamejaa kusini mwa Misri, Esna na Armant hasa. Halafu linakuja jina, na pengine kazi au cheo: shemasi, padri, mtawa. Halafu kitenzi. Wachongaji wa Kikopti waliepuka kusema mtu amekufa. Walisema amejipumzisha, au amelala. Baadhi ya mawe yanaongeza maneno ya kumfariji marehemu mwenyewe, yaliyorithiwa kutoka kwa Wagiriki wapagani: usihuzunike, hakuna asiyekufa katika ulimwengu huu. Mkristo aliyesubiri ufufuo aliyachonga hayo kaburini pake bila kuona kasoro, na sioni kwa nini sisi tuone.

Kisha tarehe. Tarehe hizi zimewaumiza vichwa wasomi, na kuumiza kwake kunafundisha. Jiwe litakupa mwezi na siku bila kukosea: tarehe 11 ya Hatur, tarehe 5 ya Amshir. Miezi ni ileile ya mafarao, kumi na miwili yenye siku thelathini thelathini, pamoja na siku chache za ziada mwishoni mwa mwaka, na Kanisa la Wakopti linaitumia mpaka leo. Ukitafuta mwaka, unaambiwa tu kwamba ulikuwa mwaka wa tatu, au wa kumi na mbili, wa indiktio. Indiktio ilikuwa mzunguko wa kodi wa Dola ya Rumi, miaka kumi na mitano, na ulipokwisha hesabu ilianza upya kutoka moja. Mzunguko wenyewe haukupewa namba. Kwa hiyo mwaka wa tatu wa indiktio waweza kuwa wa karne ya 6, au ya 7, au ya 8. Mwenye akiba ya nafaka ya kulipia kodi aliridhika na hesabu hiyo. Mwanahistoria haridhiki nayo hata kidogo.

Lakini jiulize familia ilihitaji nini. Ilihitaji kujua ni siku gani ya kila mwaka wakutane, watoe sadaka, jina lisomwe kanisani. Kwa kazi hiyo mwezi na siku vinatosha, na mwaka hauna faida yoyote. Hesabu ya mwaka kamili ilipokuja kutumika mara kwa mara, ilihesabiwa tangu mwaka 284, alipotawazwa Kaisari Diocletianus, yuleyule ambaye mateso aliyoyaanzisha mwaka 303 yaliwaua Wakristo wengi wa Misri. Waliendelea kuhesabu kwa jina la mtesi wao kwa karne nyingi, kisha wakaibadilisha jina hesabu ileile na kuiita Mwaka wa Mashahidi. Ndiyo kalenda yao hadi sasa.

Hakuna mahali mawe haya yanapozungumza kwa wingi kama Saqqara, kando ya piramidi ya ngazi ya Djoser. Hapo ilijengwa monasteri ya Apa Yeremia mwishoni mwa karne ya 5, ikaishi hadi katikati ya karne ya 9. James Quibell aliifukua kuanzia mwaka 1906 hadi 1910, na maandishi yake ya Kikopti yalihaririwa na Herbert Thompson. Katika mawe ya huko, marehemu haji peke yake mbele ya Mungu. Anatanguliwa na msafara mrefu. Kwanza jiwe linamwita Baba, Mwana na Roho Mtakatifu. Wanafuata Mikaeli na Gabrieli. Anafuata Maria, mama yetu. Halafu Adamu, baba yetu, na Hawa, mama yetu, ambaye mawe humwita kwa jina lake la Kigiriki, Zoe, yaani uhai. Wanafuata mababu, manabii, mitume na mashahidi. Baada ya hao wote ndipo wanapoingia wenyeji wa mahali penyewe: Apa Yeremia, Apa Henoko, na Ama Sibila. Apa ni baba na Ama ni mama, heshima walizopewa wazee wa watawa. Mwishoni kabisa, baada ya malaika na mababu na mashahidi, panatajwa ndugu yetu fulani, aliyejipumzisha siku fulani.

Mpangilio huo unanigusa kuliko sanamu yoyote ya Kikopti. Mtawa maskini, ambaye maisha yake hayakuandikwa popote pengine, amepangwa kwenye orodha moja na Adamu, Hawa na Mikaeli. Fundi amelipanga jiwe lake kama ukoo unavyopangwa, mkubwa kwanza na mdogo mwisho, na huyu wa mwisho ni wa ukoo huo. Anayesoma kwa sauti analazimika kuita ukoo mzima kabla ya kulifikia jina analoombwa kuliombea.

Majina hayo ya wenyeji yana manufaa mengine. Jiwe likikutana nawe katika jumba la makumbusho la Ulaya bila maelezo ya lilikotoka, na likataja Yeremia, Henoko na Sibila, umejua ni la Saqqara. Likitaja Apa Apolo na Apa Fibu, umejua ni la upande wa Bawit, Misri ya Kati, ilikokuwa monasteri kubwa ya Apolo. Walter Ewing Crum, Mskoti aliyeorodhesha mawe ya Kikopti ya Makumbusho ya Kairo katika kitabu cha mwaka 1902, alikuwa na mamia ya mawe yaliyofika bila wasifu wowote, na wanaofuata nyayo zake bado wanayarudisha makwao kwa njia hii, fomula kwa fomula.

Sanamu nazo zinaomba. Umbo linalojirudia zaidi ni mtu aliyesimama wima, ametazama mbele, viganja vimeinuliwa pande zote mbili. Wanahistoria wa sanaa humwita oransi, mwombaji. Wengi hudhani ni ubunifu wa Kikristo. Kom Abu Billou, mji ulioitwa Terenuthis upande wa magharibi wa Delta, unawarekebisha. Mwaka 1935 wachimbaji wa Chuo Kikuu cha Michigan walifukua huko karibu stela 200, nyingi za karne za mwanzo baada ya Kristo, na juu yake watu wamesimama hivyohivyo, mikono juu, ndani ya kijumba chenye nguzo mbili na paa la pembetatu. Lakini pembeni ya miguu yao amelala mbweha wa Anubi, mlinzi wa wafu wa Misri ya kale. Kwenye mawe mengine marehemu ameegemea kitanda cha karamu, kikombe mkononi. Hao hawakuwa Wakristo. Walipozaliwa wajukuu wa wajukuu zao na kubatizwa, mbweha aliondoka, nguzo zikabaki, paa likabaki, na mikono ikabaki juu.

Kuna jiwe moja huko Berlin linaloonyesha jinsi mpaka huo ulivyo mgumu kuuchora. Limetoka Fayum. Mwanamke ameketi, amempakata mtoto, anamnyonyesha, na kando ya kichwa chake pana misalaba miwili. Kwa miaka mingi wasomi waliliona kuwa ushahidi mzito: hapa ndipo mungu wa kike Isis anayemnyonyesha mwanawe Horus anapogeuka kuwa Maria anayemnyonyesha Yesu, na pengine hii ndiyo picha ya kwanza kabisa ya Bikira akinyonyesha. Lilichapishwa tena na tena kwa sifa hiyo. Kisha msomi Arne Effenberger akayasoma upya mabaki ya maandishi yaliyofifia juu yake. Yalikuwa ya kaburi la mwanamke aliyefariki akiwa na miaka 21. Si mungu wa kike na si mama wa Mungu. Ni mama kijana wa Fayum na mtoto wake, na watu waliomlilia. Nadhani jiwe lilipata hadhi kubwa zaidi siku ile lilipovuliwa cheo, kwa sababu sasa tunajua familia moja ilimkumbuka binti yao akiwa katika kazi gani.

Ankhi ni kisa kingine. Ile alama ya msalaba wenye kitanzi juu, ambayo miungu ya Misri huishika mkononi kama uhai, imejaa kwenye stela za Kikopti, kitanzi kikiwa kimegeuzwa duara kamili na kuwekwa ua ndani yake, au hata uso wa mtu. Namna ilivyoingia inasimuliwa na wanahistoria wa Kanisa wa wakati huohuo. Patriarki Theofilo wa Aleksandria alipolibomoa hekalu la mungu Serapisi, karibu mwaka 391, alama zenye umbo la msalaba zilionekana zimechongwa kwenye mawe yake. Socrates, mmoja wa wanahistoria hao, aliyeandika karne ya 5, anasema wapagani na Wakristo waligombana kila upande ukidai ni yake, mpaka waliojua maandishi ya kale waliposema maana yake ni uhai utakaokuja. Wakristo wakafurahi. Kuanzia hapo mtu wa Misri aliweza kuchonga ankhi mbili kubwa pande zote za msalaba kwenye kaburi la baba yake, asimwonee aibu padri wala babu.

Ndege wana zamu yao. Tausi huonekana wawili wawili, wakitazamana. Augustino, askofu wa Hippo, anasimulia katika kitabu chake juu ya Mji wa Mungu kwamba aliweka nyama ya tausi iliyopikwa, ikakaa mwaka mzima bila kuoza. Watu waliosadiki hivyo walikuwa na sababu ya kumweka tausi juu ya kaburi. Kusini, katika Esna, Armant na Edfu, anatawala tai. Anasimama chini ya tao, mbawa zimefunguka, na shingoni amening'iniza kidani kama cha mtoto. Baadhi ya wasomi wanamwona kuwa ndiye ba wa zamani, roho ya marehemu iliyochorwa kama ndege. Wengine wanamwona Kristo. Mwenye kaburi huenda hakulazimika kuchagua.

Usidhani kwamba mawe yote yametulia hivi. Katika karne za 8 na 9 yanatokea maandishi marefu ya kilio, na Maria Cramer aliyakusanya katika utafiti wa mwaka 1941. Humo marehemu anasema mwenyewe, na hasemi kwa upole. Anaanza na hukumu aliyopewa Adamu, kwamba u mavumbi na mavumbini utarudi. Analalamikia uchungu wa kutenganishwa. Anawaita wenye watoto, wenye ndugu, kila apitaye, waje walie pamoja naye. Mpita njia ambaye kwenye jiwe fupi aliombwa sala, hapa anaombwa machozi kwanza. Yeyote aliyekaa matanga anaujua mpangilio huo, na anajua kwamba imani haimzuii mtu kulia.

Inauma kufikiria ni mangapi yaliyopotea. Kwa muda mrefu wachimbaji waliotafuta mafarao waliona makaburi ya Wakopti kama takataka ya juu ya kuondolewa upesi, na wengine waliyaondoa bila kuandika hata mstari. Kisha likaja soko. Miaka ya 1950 na 1960 makumbusho ya Ulaya na Marekani yalimiminiwa sanamu za chokaa zilizodaiwa kutoka Sheikh Abada, Antinoe ya kale. Zilikuwa nzuri, zimejaa misalaba iliyo wazi na nyuso za watoto zenye macho makubwa, sawasawa na wanunuzi walivyotaka Ukristo wa kale ufanane. Nyingi zilikuwa za bandia, na nyingine mawe halisi yaliyochongwa upya ili yavutie. Brooklyn Museum ya New York ililikabili jambo hilo hadharani mwaka 2009, ikaonyesha sanamu zake za Kikopti na kutangaza kwamba karibu theluthi moja ni za kughushi. Huo ni uaminifu wa kupongezwa. Misri yenyewe ilikuwa imechukua hatua mapema zaidi, Marcus Simaika alipoanzisha Makumbusho ya Kikopti huko Kairo ya Kale mwaka 1908, na mawe mengi yakabaki karibu na makanisa ya wazao wa wale walioyachonga.

Desturi hii haikuishia Aswan. Falme za Kikristo za Nubia, katika Sudan ya leo, ziliichukua na kuikuza. Mawe ya Nubia hutumia Kikopti na Kigiriki, na mengi yanabeba sala ndefu kwa Mungu wa roho na wa mwili wote, inayoomba marehemu apumzike kifuani pa Ibrahimu, Isaka na Yakobo. Tofauti na majirani zao wa kaskazini, Wanubi walipenda hesabu: miaka aliyoishi, na kwa askofu, miaka aliyohudumu. Kwa mmoja wao tuna bahati ya pekee. Askofu Marianos wa Faras amechorwa ukutani mwa kanisa kuu lake, na picha hiyo iliokolewa na Wapolandi wakiongozwa na Kazimierz Michałowski miaka ya 1961 hadi 1964, kabla maji ya bwawa la Aswan hayajaifunika Faras. Sasa iko Warsaw. Jiwe lake la kaburi lilipatikana kwingine, Qasr Ibrim, na linatuambia alifariki mwaka 1036. Ni nadra mtu wa Nubia ya kale kutufikia na uso wake na jiwe lake.

Wakati huo Misri ilikuwa chini ya utawala wa Waislamu kwa karibu miaka mia nne. Jiwe la kaburi la Mwislamu lililo la zamani kuliko yote yenye tarehe nchini humo limehifadhiwa katika Makumbusho ya Sanaa ya Kiislamu, Kairo. Ni la Abd al-Rahman ibn Khayr al-Hajri, na liliandikwa mwezi wa Jumada ya pili, mwaka 31 wa Hijra, yaani 652, miaka kumi tu hivi baada ya majeshi ya Kiarabu kuichukua Misri. Herufi ni za Kufi, bado hazina nukta. Hakuna picha. Jiwe linaanza kwa Bismillahi, linamtaja mwenye kaburi, linamwomba Mungu amsamehe na amwingize katika rehema yake. Kisha linamgeukia asomaye na kumwagiza amwombee maghufira kila asomapo maandishi hayo, na aseme Amina.